Nyaya Tatu za Kwenda Nyansurura

Kshhhh.

Nilisikia hivyo kabla sijaona mtu. Nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta skrubu iliyodondoka, mlio ukaja kutoka mlangoni, kama mafuta ya moto yanapopokea kitunguu. Ukakatika. Ukarudi. Nilipotoa kichwa nikaona kwanza kiroba cha unga kilichofungwa kamba ya katani, na kiroba ndicho kilichokuwa kinalia.

"Hodi. Shikamoo, mama," alisema mwanamke aliyekibeba. "Samahani, moja humu ndani haijui kunyamaza."

"Marahaba. Karibu. Umebeba kuku au umebeba nyoka?"

"Redio, mama. Nimeambiwa hapa Bomani kuna mama anayezifundisha redio kusema."

Vijana wangu, nimefanya kazi ya redio za upepo tangu nikiwa msichana hadi nywele zikabadilika rangi, na sijawahi kusikia mtu akiieleza kazi yangu vizuri kama yule mwanamke mwenye kiroba. Redio za upepo ni hizi za mkononi, zenye antena fupi: unabonyeza pembeni unasema, unaachia unasikiliza. Mmeziona kwa askari wa wanyamapori, kwa walinzi wa migodi, kwa madereva wa watalii. Mimi ndiye niliyekuwa naziwekea masafa, yaani ile njia ya angani ambayo redio fulani itapita ili ikutane na mwenzake. Jina langu Wankyo, lakini Tarime nzima waliniita Mama Redio, na wajukuu wangu wanafikiri nilizaliwa nalo.

Mnaniuliza kila mara jinsi nilivyokuwa natengeneza waya wa kuprogramu kwa mkono wangu, kabla hizi za dukani hazijajaa. Nitawaambia. Lakini siwezi kuueleza waya nikaacha kiroba kile, maana ndicho kilichonionyesha waya unaishia wapi. Mimi nilidhani unaishia kwenye redio.

Mwanamke yule aliitwa Bhoke, mkulima wa Nyansurura. Alimwaga redio mezani kama mtu anayemwaga viazi. Zilikuwa nzuri, ngumu, zimechubuka pembeni. Loji moja upande wa Ikoma ilikuwa imefungwa, na mwenye nayo akaona badala ya kuzitupa azipe kijiji kinachojilinda dhidi ya tembo. Moyo mzuri. Ila redio hizo zilikuwa bado zinaishi kwenye masafa ya loji. Kijiji kilikuwa kimeomba masafa yake na kupata kibali chake, kwa hiyo ilibaki kuzihamisha tu.

"Mwaka jana tembo walikula shamba lote," Bhoke alisema. Hakulia wala hakulalamika. Alisema kama anayetaja jina la mtu. "Mtama wote, na mahindi. Mume wangu yuko machimboni, anachomwa na jua huko, hajapata kitu. Mama yangu yuko ng'ambo ya mpaka, ananiambia nirudi na watoto. Nimemwambia nangoja mtama huu. Huu nao ukiliwa, naenda."

"Na baba mkwe wako anasemaje?"

Aliangalia mlango. "Baba mkwe hasemi na mimi, mama. Wewe si Mkurya?"

Nilicheka. Sikuuliza zaidi, nikachukua redio ya kwanza nikaigeuza nione matundu yake. Laiti ningeuliza, ningeokoa safari moja ya basi.

Acha nirudi nyuma kidogo. Aliyenifundisha kazi hii hakuwa mtu wa huku. Fundi Ngonyani alitoka Songea, akaja kwetu kufuata dhahabu kama wengi waliokuja. Alishuka shimoni mara moja, akapanda, akajipangusa vumbi, akasema, "Chini kule hakuna masafa." Hakushuka tena. Alifungua chumba cha kutengeneza redio, nami nikaenda kuomba kazi ya kufagia, nikawa nafagia huku natazama.

Wakati ule, kubadilisha chaneli hakukuhitaji kompyuta. Kila chaneli ilikuwa na kipande chake cha fuwele ndani ya redio, kijiwe kilichovishwa bati, kidogo kama jino la mtoto. Ukitaka redio ibadilishe njia, unang'oa jino unapandikiza jingine. Ngonyani alinishikisha kimoja kiganjani. "Hili jiwe," alisema, "ukilipa umeme kidogo linatetemeka. Kila sekunde linatetemeka mara nyingi kuliko watu wote uliowahi kuwaona. Na halichoki, halipotezi hesabu." Nilikaa nalo kiganjani hadi likapata joto langu. Nimezaa watoto, nimezika wazazi, nimeona mengi, lakini bado naweza kuusikia ule uzito mdogo mkononi. Jiwe linalohesabu! Nikajua sitaondoka chumba kile.

Kisha zikaja redio zenye kumbukumbu, na za kwanza zikamtesa mwalimu wangu. Kompyuta za siku zile zilikuwa na tundu pana la pini tisa nyuma. Ngonyani akaona pini, akaona matundu ya redio, akasema si nyaya tu? Akaunganisha moja kwa moja. Ilikuwa redio ya bwana mmoja mkubwa wa ulinzi wa machimbo, ameketi hapo hapo anangoja na kofia gotini. Tukaona moshi mwembamba ukitoka ubavuni mwa redio, umenyooka, mzuri kabisa.

"Fundi," yule bwana akasema, "redio yangu inavuta sigara?"

"Ilikuwa inavuta, mzee," Ngonyani akajibu bila kupepesa. "Hiyo ndiyo ya mwisho. Imeacha."

Alimlipa redio nyingine, msidhani alitoroka na utani. Na kwa moshi ule akanifundisha jambo kubwa kuliko yote: kompyuta ile ya zamani inasema kwa kufoka, redio inasema kwa kunong'ona. Ukiwakutanisha wawili hawa bila mtu wa katikati, unapasua sikio la mnyonge. Mtu wa katikati ni IC, chipu ndogo yenye miguu mingi, kazi yake kupokea makelele huku na kutoa mnong'ono kule. Siku tuliyoilehemu kwenye kipande cha bodi, tukachomeka, na taa ya redio ikaanza kupepesa yenyewe bila mtu kuigusa, Ngonyani alivua kofia. Mimi nilikuwa naye, nilimwona. Alivua kofia mbele ya taa ndogo kuliko punje ya ulezi.

Sasa kiroba cha Bhoke. Redio zile za loji sikuwa na waya wake, na wa kununua ungechukua muda kufika huku mtama unazidi kukomaa. Kwa hiyo nilipanda gari hadi Sirari, mpakani, kwa kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu vilivyokufa.

"Mathe, karibu! Leo unataka nini, chaja?"

"Nataka waya wa data wa simu za zamani. Zile za kubonyeza."

"Hizo nani hutumia siku hizi? Ziko hapa chini kwa takataka. Chukua hii, ni original, siwezi kukudanganya."

"Unanidanganya kila mwezi."

"Lakini kwa upendo, mathe."

Waya wa data wa simu za kale ni hazina, vijana. Ndani ya kile kichwa chake cha plastiki kinachoingia kwenye kompyuta, mara nyingi mtengenezaji ameficha yule mtu wa katikati. Anachukua lugha ya kompyuta ya kisasa na kuigeuza mnong'ono ambao redio inauelewa. Simu zimekufa, yeye bado yuko mle ndani anangoja kazi. Siku zote nilikuwa nikizikata nyaya hizo kwa heshima.

Kata upande wa simu, mbali na kichwa. Menya. Utakuta nyaya nyembamba za rangi, na rangi hizo ni waongo. Nimewahi kukuta nyeusi inabeba umeme na nyekundu haibebi kitu. Usiiamini rangi, iamini mita. Unaowatafuta ni watatu tu: wa ardhi, wa kusema, wa kusikia. Ule unaobeba umeme wa kompyuta, ukiupata, ukunje, ufunge kwa utepe wa gundi, usiuguse tena. Redio ina betri yake, haiombi chakula kwa jirani.

Upande wa redio, tafuta kifaa cha sikioni kilichokufa, chenye pini mbili pamoja, nene na nyembamba. Kata spika, acha pini. Kisha lehemu: ardhi kwa ardhi. Halafu hapa ndipo wengi hukosea, maana akili inasema kusema kwa kusema, kusikia kwa kusikia. Sivyo. Ukiwafunga mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio, watabaki wanatazamana. Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule, na wa yule kwenye la huyu. Nyaya zinapishana katikati. Nilipofundishwa hilo nilienda nyumbani nikiwaangalia watu wakisalimiana barabarani, na nikaona kweli, ndivyo ilivyo, maneno hupishana hewani kati ya watu na hayagongani. Nani aliyapanga vile?

Neno la mwisho la ufundi, kisha nawaachia. Pini za kuokota mara nyingi haziingii hadi mwisho, kwa sababu plastiki yake inagonga mwili wa redio. Kompyuta itakuambia hakuna redio, utafungua waya wote, utalia, kumbe ni unene wa ukucha tu umebaki nje. Chukua wembe, punguza plastiki taratibu, sukuma, usikie *tak*. Bila *tak* usiwashe kitu. Na ukishaunganika, soma kwanza kilichomo ndani, kihifadhi, ndipo uandike chako. Hata kama mwenye redio ana haraka, mwambie anywe chai.

Bhoke alirudi siku niliyomaliza, akaketi kwenye kigoda, akanywa chai. Nilichomeka redio ya kwanza. *Tak*. Nikabofya kusoma. Taa ikapepesa, mstari ukatambaa kwenye skrini, halafu majina yakajitokeza moja baada ya jingine, jinsi mtu wa loji alivyoziandika chaneli zake: JIKONI. GETI. BWAWA. NDEGE.

Bhoke alisogea. "Hao ni nani?"

"Ni loji ile. Hapa waliongea wapishi. Hapa wa getini. Hii ya ndege, nadhani waliitumia kupokea wageni uwanjani."

"Lakini loji imefungwa."

"Imefungwa."

"Na bado wapo humu," akasema taratibu, akagusa redio kwa ncha ya kidole kama inayoweza kumuunguza.

Niliifanya kazi ile miaka mingi, na ilibidi mkulima wa Nyansurura anionyeshe nilichokuwa nafungua kila siku. Nikayasoma tena majina yale. Jikoni, geti, bwawa, ndege. Kisha nikazihifadhi zote, nikaandika chaneli moja ya kijiji kwenye kila redio. Kila mmoja aweze kusema, kila mmoja aweze kusikia. Tulijaribu moja barabarani, moja ndani, na sauti ya Bhoke ikaja mezani safi, ikicheka. Akafunga kiroba chake. Nikajiona fundi.

Haikupita muda akaja Mwita, kijana aliyekuwa anaongoza walinzi wa mashamba kule, bega lake moja likiwa bado na vumbi la basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Habari za Nyansurura?"

"Habari ni kwamba redio zako ni mabubu." Alisema kwa adabu, lakini alisema. "Tembo wameingia kwa Bhoke juzi, jua bado linawaka. Wamekanyaga kona yote ya mtoni. Tulikuwa na madebe, tulikuwa na pilipili na kinyesi kikavu tayari kuwasha moshi, tunangoja kuitwa. Hatukusikia neno. Wazee wanasema waya wa kuokota takataka ya Sirari huzaa redio ya takataka."

"Wazee wanajua waya?"

"Wanajua takataka, mama."

Nilifunga chumba, nikabeba kompyuta yangu yenye ufa pembeni na waya wangu, nikapanda naye basi.

Lazima mwelewe mahali penyewe. Shamba la Bhoke linashuka kutoka kilimani hadi kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito ni vichaka ambamo tembo hutokea. Kijiji kiko nyuma ya kilima. Sauti ya redio ndogo haipandi kilima na kushuka upande wa pili; inagonga udongo inafia hapo. Kwa hiyo walijipanga kwa akili nzuri kabisa, wala si mimi niliyewafundisha: Bhoke chini karibu na kijito, Mwita na vijana nyuma ya kilima, na mgongoni mwa kilima, anayeona pande zote na kusikia pande zote, Mzee Marwa. Akisikia kutoka mtoni anapeleka kijijini. Mzee Marwa alikuwa mtu mzima sana, mwenye macho makali na masikio yasiyokosea. Alikuwa pia baba mkwe wa Bhoke.

Nilijaribu redio zote. Ya Bhoke ilisema. Ya mzee ilisikia. Ya Mwita ilisikia kutoka kwa mzee. Nilitikisa nyaya, nikakagua betri, nikapanda kilima nikashuka. Hakukuwa na kosa. Mwita alinitazama kama mtu anavyomtazama daktari anayesema mgonjwa ni mzima.

Ndipo Bhoke akaniita jikoni kwake nimsaidie kitu, na hakukuwa na kitu cha kusaidia. Alikoroga uji muda mrefu.

"Mama, redio si bubu. Mimi ndiye bubu."

"Uliwaona tembo?"

"Niliwaona wakiwa bado ng'ambo. Mkubwa mmoja mbele, amekunja mkonga hivi. Nikabonyeza." Akabonyeza hewa kwa kidole gumba. "Nikashikilia. Halafu sikusema."

"Uliogopa tembo?"

"Tembo!" Alicheka kidogo kwa uchungu. "Mama, tangu nimeolewa hapa sijawahi kusimama mbele ya baba mkwe nikamsemesha. Akija njiani napita majanini. Nikitaka kumwambia ng'ombe ametoka, namtuma mtoto. Najua kuna nyumba siku hizi wanakaa meza moja na wakwe wao, wanacheka. Hii siyo. Na ile redio anaishikaje? Anaibandika hapa." Akaonyesha sikio. "Nibonyeze, niingie sikioni mwa baba mkwe? Niseme nini, hodi?"

Nilikaa chini kwenye kigoda.

Mdomo wa huyu kwenye sikio la yule. Maisha yangu yote nililehemu sentensi ile kwa risasi iliyoyeyuka. Na hapa kulikuwa na watu wawili ambao heshima yao yote ilikuwa kuhakikisha mdomo wa huyu haufiki kwenye sikio la yule, na mimi nimewaunganisha moja kwa moja, pini kwa tundu, bila mtu wa katikati. Nikamwona Ngonyani na moshi wake.

"Bhoke," nikasema, "heshima inakukataza kusema naye. Inakukataza kugonga sufuria akiwa anasikia?"

Alifikiri. "Sufuria? Hapana. Sufuria ni sufuria."

"Kupiga debe?"

"Mbona kila siku tunapiga."

Nikatoa waya. Redio hizi zina kitufe kidogo pembeni, chini ya kile cha kusemea, ambacho loji hawakukipa kazi yoyote. Niliketi pale pale kwenye moshi wa jikoni, kompyuta magotini, nikasukuma pini hadi *tak*, nikasoma, nikahifadhi, nikakipa kitufe kile kazi: ukikibonyeza, redio yenyewe inatuma mlio mmoja mwembamba, mrefu kiasi cha pumzi. Hakuna sauti ya mtu ndani yake, hakuna neno.

Nilimwachia Mwita kazi ya kumweleza mzee kwamba akisikia mlio, maana yake mtoni. Alipomaliza kueleza, akageuka kunitania. "Sasa mama, wanawake wa hapa wamepewa ruhusa ya kupiga mluzi?"

"Anayepiga ni redio, mura. Nenda kamkataze yeye."

Nililala kwao, maana basi lilishaondoka. Kesho yake mchana kutwa palikuwa kimya. Jua lilipoanza kulalia kilima nilikuwa nimeketi na Bhoke chini ya kibanda chake cha nyasi karibu na kijito, tunatafuna mabua. Mtama ulikuwa umeinamisha vichwa vizito, rangi ya kutu. Ile kona iliyokanyagwa ilikuwa wazi kama jino lililong'oka.

Sikuwaona wakija. Hakuna atakayewaambia vijana ukweli kuhusu jambo hili ila aliyeketi pale: mnyama mkubwa kuliko nyumba anakuja bila sauti. Vichaka vilikuwa vichaka, kisha kimoja kilikuwa na sikio. Wakatoka mmoja mmoja, wanatikisa masikio polepole, vumbi jekundu migongoni, na yule mkubwa mbele akainua mkonga akanusa hewa yetu. Nilimwona jicho. Nilisahau mtama wa Bhoke, nilisahau nimekuja kufanya nini. Mungu alipowatengeneza hawa alikuwa na muda.

Bhoke hakusahau. Alibonyeza.

Mlio ule, mwembamba kama uzi, nikausikia pia ukitoka kwenye redio yangu pajani, na nikainua macho kilimani. Umbo dogo la mzee lilisimama. Aliinua redio mdomoni. Na sauti yake nzito, ambayo Bhoke hakuwahi kusemeshwa nayo, ikapita hewani juu ya vichwa vyetu kwenda kwa vijana: "Mtoni! Mtoni kwa huyu mtoto wetu! Kimbieni!"

Kisha madebe. Kelele zilitokea nyuma ya kilima, zikapanda, zikamwagika upande wetu na vijana wakimwagika pamoja nazo, moshi wa pilipili ukatambaa chini ya miguu yao. Yule mkubwa alisimama na mguu mmoja majini. Alifikiri. Nawaambia alifikiri, nilimwona. Akageuka kwa utaratibu, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa na hataki kuaibisha mtu, na wengine wakageuka naye.

Bhoke alikuwa bado ameng'ang'ania redio kwa mikono miwili. "Amesema mtoto wetu," akanong'ona. "Mama, umesikia? Amesema mtoto wetu."

Tembo walirudi tena siku nyingine, na mlio ukalia tena. Niliyapata haya kwa Mwita, ambaye sasa alikuwa akinisalimu kwa simu bila kutaja takataka. Mtama ulikuwa bado haujavunwa. Na Bhoke, alisema, alikuwa bado amefungasha mabegi ya watoto, yapo nyuma ya mlango. Hajayafungua. Hajui kama anatakiwa pale au anavumiliwa tu kwa sababu ya tembo.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kufunga chumba. Macho yalikuwa yamechoka kutafuta nyaya nyembamba. Nilikuwa nafunga mita na chuma cha kulehemu kwenye sanduku, waya ule wa Nyansurura ukiwa bado mezani, mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Alikuwa Mzee Marwa, amevaa kofia na koti lake la kanisani, fimbo mkono huu, redio mkono ule.

"Shikamoo, tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kikurya.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeweka ule mlio?"

"Ndiyo, mzee. Umeharibika?"

"Haujaharibika." Aliketi kwenye kigoda alichokalia Bhoke, akaweka redio mezani na kuitazama. "Umeweka kwake tu. Kwangu hukuweka."

"Wewe unaruhusiwa kusema, mzee. Unasema na Mwita."

"Na Mwita nasema." Aliizungusha fimbo mkononi. "Yule anaita. Nasikia, nawaita vijana, wanakuja. Lakini yeye amekaa kule chini peke yake na wale wanyama, ameita, na hakuna aliyemwitikia. Hajui kama nimesikia hadi madebe yalie. Mtu akikuita, wewe unakaa kimya?"

"Hapana, tata."

"Nami siwezi kumsemesha. Baba yangu hakumsemesha mama wa watoto wangu hadi anaingia kaburini, na walipendana kama baba na mwana." Akaisukuma redio kwangu kwa kidole. "Nataka kuitika."

Nilichukua wembe, nikapunguza plastiki ya pini kidogo ingawa haikuhitaji, ili mikono yangu ipate la kufanya. Nikasukuma. *Tak*. Nikasoma, nikahifadhi, nikaandika. Ndani ya waya ule nyaya tatu zilikuwa zinapishana gizani, mdomo na sikio, mdomo na sikio, na taa ikapepesa, na mzee akaondoa kofia yake akaiweka gotini bila kujua ameiondoa. Mtu wa pili maishani mwangu, baada ya Ngonyani.

"Kitufe cha chini," nikamwonyesha. "Bonyeza."

Alibonyeza. Redio yangu ya mezani ikalia, mlio mmoja mwembamba. Alisikiliza hadi ulipokwisha, akabonyeza tena, akasikiliza tena.

"Huo," alisema. "Unaosikika kama wake."

"Ni ule ule, mzee."

"Wiki ijayo tunavuna. Atakuwa kule chini asubuhi, kabla ya wengine. Nitampigia akiwa hajaita. Atajua."

"Atajua, tata."

Alivaa kofia, akaitia redio kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, akaupapasa kuhakikisha. Nilimfungulia. Aliniangalia mara moja tu, akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza kikao kizuri, akatoka kwenye jua la Bomani, na kwa mkono wake mwenyewe, polepole, akauvuta mlango nyuma yake hadi ukafunga.